Koti la Daktari Bingwa

Mara ya kwanza faili halikuonekana. Mara ya pili faili lilionekana, bingwa ndiye hakuonekana. Alikuwa amekwenda semina. Na kwa kuwa daktari bingwa wa viungo alifika katika hospitali ile siku moja tu kila baada ya miezi mitatu, Fundi alikuwa ameshapoteza nusu mwaka akienda na kurudi, barua ya rufaa mkobani, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Safari hii ya tatu alikuja na wifi yake.

Huyo wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe. Mnene, mwepesi wa miguu, mdomo hauna breki. Siku arobaini baada ya mazishi, watu walipodhani atamwacha mjane ajijue mwenyewe, alikuja na masanduku mawili akahamia chumba cha pili bila kuitwa. Alipoulizwa amekuja kukaa mpaka lini, alijibu kwamba aliyekufa ni kaka yake, wifi yake hajafa, sasa tatizo liko wapi?

"Leo akitokea mtu akasema faili halipo," Wifi alisema walipokuwa wakipanda ngazi za hospitali, ngazi moja, wanapumzika, ngazi ya pili, wanapumzika, "naingia huko ndani nalitafuta mwenyewe. Macho ninayo na magoti ninayo."

"Wifi, tafadhali. Usije ukatutia aibu."

"Aibu? Aibu ni kuumwa miaka saba huku unachekacheka kama uliyeshinda bahati nasibu."

Fundi akapanda ngazi nyingine. Tangu asubuhi alikuwa amechoka, na ule uchovu haukuwa wa siku hiyo. Ulikuwa uchovu wa kuamka. Kila asubuhi vidole vyake vilikuwa vimekaza kama vimepakwa gundi, akaviloweka kwenye maji ya moto, akavibembeleza kimoja kimoja, mpaka saa nne ndipo vinakubali kukunjika. Siku hiyo alikuwa ameamka saa tisa ya usiku ili saa moja asubuhi awe na mikono ya kujivalisha. Alimeza vidonge viwili vya maumivu badala ya kimoja, asije akaadhirika njiani, akavaa gauni lake la kijani aliloshona mwenyewe, lenye kola iliyosimama vizuri. Wifi alipomwona alimzunguka mara mbili.

"Unakwenda hospitali au unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda mbele za watu."

"Haya. Bwana harusi akiuliza mahari, niachie mimi."

Kwenye dirisha la mafaili, karani aliinua uso, na uso ukachanua. "Aa, Fundi! Kumbe ni wewe! Na lile gauni langu la kitchen party, vipi?"

"Liko tayari mama, bado upindo tu."

"Usiniangushe. Nimeshawaambia wenzangu kwamba ninashonewa na wewe." Karani akalitoa faili mara moja, halikupotea, halikuchelewa. "Unaumwa nini lakini, Fundi?"

"Aa, viungo tu. Uzee."

Bado upindo tu! Lile gauni lilikuwa halijakatwa hata mkono. Kitambaa kilikuwa kwenye mfuko juu ya kabati, wiki ya tatu hiyo.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na alistahili. Miaka thelathini alikuwa ameshona sare za shule, suti za harusi na nguo za wanakwaya arobaini kwa wiki moja. Mkono wake ulijulikana. Mtu aliweza kumsimamisha mwenzake barabarani akamwambia hiyo nguo imetoka kwa Fundi. Na yeye aliwajua wateja vilevile. Mteja akisikia fundi anaumwa mikono, haulizi dawa, anauliza kitambaa chake. Kwa hiyo hakumwambia mtu.

Badala ya kusema, alijifunza ujanja. Gurudumu la cherehani alilizungusha kwa kiganja, si kwa vidole. Mkasi aliulaza mezani, akaukandamiza kwa uzito wa mwili, kisha akakisukuma kitambaa kiende kwenye mkasi. Na sindano ya mkono, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Aliibana katikati ya vifundo viwili vya vidole, akaichoma, halafu akainama akaivuta kwa meno. Aliyafanya hayo akiwa ameupa mlango mgongo, na mtu akibisha hodi, sindano inashuka mapajani, uso unageuka na tabasamu. Wifi alijua anaumwa. Hakujua habari ya meno.

Wala asingekwenda kwa bingwa yeyote, kama si tabibu mpya wa zahanati ya mtaani. Yule wa zamani alimpa vidonge vya maumivu miaka mitano bila kumgusa. Huyu mpya alimshika mikono, akaigeuzageuza.

"Mama," alimwambia, "huu ugonjwa unakula viungo. Hivi vidonge vinayanyamazisha maumivu tu, wenyewe unaendelea kula. Dawa yake ni ya sindano, na anayeianzisha ni bingwa peke yake. Usipoipata mwaka huu, vidole vitapinda, na vikishapinda ndiyo basi."

Ndiyo basi. Fundi alirudi nayo nyumbani ile kauli, akalala nayo, akaamka nayo. Na sasa alikuwa nayo hapa, benchi ya tatu, namba arobaini na moja, huku mwaka wenyewe ukiwa umebakiza miezi mitatu.

Kungoja kwenye benchi za hospitali nako kuna utaratibu wake. Mtu mmoja akiingia kwa daktari, wote mnasogea nafasi moja, matako yanaburuzwa, mikoba inaburuzwa, na aliyesinzia anashtuliwa kwa kiwiko. Kwa mwenye viungo vibovu kila kusogea ni safari. Fundi alisogea mara ishirini na kitu, na kila mara Wifi alimuuliza, "Vipi?" na kila mara akajibu, "Salama tu."

Karibu saa sita, nesi mwenye saa ya kuning'inia kifuani alitoka akasimama mbele yao.

"Jamani, nisikilizeni vizuri. Dawa ya sindano imebaki ya watu watatu tu kwa awamu hii. Bingwa ndiye anayechagua nani aanze, kufuatana na hali ya mgonjwa. Si mimi. Msije mkanizonga."

Benchi zikanong'ona. Watu wakaanza kutazamana mikono na magoti, huyu amevimba wapi, yule anachechemea kiasi gani. Ilikuwa aibu, lakini hakuna aliyejizuia.

"Umesikia?" Wifi alimsogelea sikioni. "Watatu. Sasa ukiingia, lia."

"Nilie nini?"

"Lia tu! Itoe hiyo mikono uibwage mezani kama samaki waliooza. Usimwambie salama tu, usimwambie uzee. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Wifi, mimi naumwa kweli. Sasa niigize nini?"

"Unaigiza kila siku kwamba wewe ni mzima. Leo geuza."

Fundi alicheka kidogo, japokuwa taya nazo zilikuwa zinauma. Akasema moyoni kwamba daktari ni daktari. Mtu amesoma miaka yote hiyo, mgonjwa hahitaji kumlilia, ataona mwenyewe.

Saa nane ikapita. Kwa saa saba Wifi hakuwa amebanduka, hata maji alikunywa akiwa amesimama, mpaka kibofu kikamshinda. "Dakika moja tu," alisema, akaondoka mbio. Hajafika mwisho wa korido, nesi akaita arobaini na moja.

Bingwa alikuwa mwanamke mwenye miwani minene, umri wa binti wa Fundi kama angejaliwa binti. Chai yake ilikuwa imepoa mezani, utando juu. Koti lake jeupe alikuwa amelitundika kwenye kiti kwa sababu ya joto. Alimwamkia Fundi kwa heshima, akafungua faili, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona wagonjwa arobaini na bado kuna wengine nje.

"Damu inaonyesha ugonjwa upo," alisema. "Ila damu haisemi umeshaharibu kiasi gani. Picha ya mikono iko wapi?"

"Mashine ilikuwa mbovu, daktari. Niliambiwa nirudi. Niliporudi ilikuwa mbovu bado."

Bingwa akashusha pumzi. "Haya, nipe mikono."

Akaibonyeza. Sasa fikiria: ni alasiri, vidole vimeshalegea, na tumboni kuna vidonge viwili. Ule uvimbe wa alfajiri, ambao ungemfanya mtu yeyote aseme yarabi, ulikuwa umenywea.

"Hapa panauma?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Kidogo tu, daktari."

"Asubuhi vidole vinakaza?"

"Vinakaza kiasi chake."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka vitakapolegea."

Bingwa alitabasamu bila kutaka. Akaandika. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Mimi ni mshonaji."

"Basi nisaidie. Chukua hilo koti langu, funga vifungo vyote, nikuone vidole vinavyofanya kazi."

Fundi akalichukua. Alikuwa amefunga vifungo maisha yake yote, na ujanja wa vifungo anao: unakisukuma kwa ubavu wa kidole gumba, unakipokea kwa kiganja. Cha kwanza, tayari. Cha pili, tayari. Cha tatu kikamjia mkononi kikiwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, uzi wenyewe wa rangi nyingine, umeshonwa na mtu asiyejua anachofanya.

Hapo ndipo ufundi ulipompanda kichwani.

"Daktari, hiki kifungo kitakudondoka wodini," alisema.

"Najua, mama. Sina muda wa kukishona."

"Ni dakika moja."

Mshonaji hatembei mtupu. Ndani ya ile kola ya kijani kulikuwa na sindano mbili, moja ina uzi mweusi, moja ina uzi mweupe, zimelala hapo kama kawaida ya siku zote. Alichomoa ya uzi mweupe. Akasogea dirishani, ati apate mwanga, akampa bingwa mgongo. Bingwa naye akachukua nafasi hiyo kuandika mambo yake. Sindano katikati ya vifundo, choma, inama, vuta kwa meno. Choma, inama, vuta. Akakizungushia uzi shingoni mara tatu kisimame vizuri, akafunga fundo, akaukata uzi kwa jino. Maumivu yalipanda mpaka begani, lakini aliyameza kama alivyozoea kuyameza, akageuka na lile tabasamu la mlangoni.

Bingwa akalipokea koti. Akakivuta kifungo, hakikutikisika. Akavua miwani akakitazama kwa karibu.

"Mama, mimi mwenyewe siwezi kushona hivi."

Na Fundi, jamani, alifurahi. Alifurahi kama hajawahi kufurahi tangu mwaka uanze. Kwa dakika ile hakuwa namba arobaini na moja, hakuwa mgonjwa wa rufaa. Alikuwa fundi amesimama mbele ya mteja aliyeridhika, na angetaka isimalizike.

Bingwa aliketi akaandika mistari miwili, akapiga muhuri.

"Nashukuru sana, mama. Ugonjwa upo, ila mikono yako inafanya kazi vizuri mno. Haujafika mbali. Endelea na vidonge kule kule zahanati. Ukiona hali inabadilika, watakuandikia rufaa upya."

Rufaa upya. Yaani barua upya, faili upya, benchi upya, mwakani. Fundi alielewa kila neno. Alifungua mdomo aseme, na mdomo uliozoea kusema salama ukasema ulichozoea.

"Asante, daktari."

Akatoka na karatasi yake.

Wifi alikuwa anakuja mbio kwenye korido, mikono haijakauka maji. "Wameita? Si nilisema dakika moja! Haya, umeipata?"

Fundi alitaka kumpa karatasi, na karatasi ikadondoka. Aliinama kuiokota, vidole vikagoma kabisa. Zile choma-vuta kumi na mbili zilikuwa zimekuja kudai chao. Ikabidi Wifi aiokote mwenyewe. Akaisoma polepole, midomo ikicheza.

"'Mikono inafanya kazi vizuri.' Mikono ya nani?"

"Yangu."

"Amekuchunguza huyu, au amekusikia kwa mbali?"

"Nilimshonea kifungo."

Wifi hakuelewa. "Sema tena."

"Koti lake lilikuwa na kifungo kinaning'inia. Nikakishona."

Wifi akakaa kwenye benchi, puu, mpaka mzee wa pembeni akaruka. Alimtazama wifi yake, kicheko kikamtoka, kicheko kibaya, cha mtu aliyetaka kulia akakosea njia.

"Umekwenda kwa daktari wa mikono, ukamfanyia kazi kwa mikono! Hukuona sakafu chafu ukampigia deki? Mungu wangu, wewe mwanamke! Watu huko nje wanajikunja kama kamba ili waonekane, wewe umeingia umepiga cherehani!"

"Wifi, nimechoka. Twende nyumbani."

"Hatuendi popote. Na kwanza uliwezaje? Jana umeshindwa kufungua mfuniko wa chupa, nimekufungulia mimi."

Fundi alitazama kando. Korido ilikuwa imeanza kupungua watu, mtu wa usafi anasukuma ndoo yake kutoka mwisho. Alikuwa amechoka, na kilichomchosha haikuwa safari wala benchi. Alichoka kugeuka kila mtu anapobisha hodi. Akainua mkono, akamwonyesha jinsi sindano inavyobanwa katikati ya vifundo, kisha akainama akavuta kwa meno, kama vile sindano ipo.

Wifi aliangalia. Uso wote ukamshuka.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na mimi nimo nyumba hiyo hiyo."

"Ulikuwa nyuma yangu."

"Yaani mimi ndiye uliyenificha? Mimi?"

"Ningekwambia, ungeniambia niache kushona."

"Ningekwambia!"

"Ndiyo maana."

Wifi akaanza kuikunja ile karatasi kwa utaratibu, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kelele zake zote. Lilimuuma vilevile, kwa sababu aliona kwamba amemuumiza. Akakaa kidogo. Akafikiria ile njia ya kurudi nyumbani, ile cherehani, kitambaa cha karani juu ya kabati. Akafikiria kumwambia karani wiki ijayo kwamba bado upindo tu. Hakuweza. Hakuwa na nguvu za kusema uongo mwingine hata mmoja. Akasimama, akaelekea mlangoni kwa bingwa.

Nesi akanyoosha mkono. "Mama, wewe umeshaonwa. Nenda dirisha la dawa."

Wifi akajikusanya tayari kwa vita, lakini Fundi alimtangulia. "Nesi, nimemdanganya daktari. Naomba niingie nikamwambie ukweli."

Huyo nesi alikuwa amesikia kila kisingizio duniani: waliosahau mkoba, waliosahau kuuliza, waliofiwa ghafla mlangoni. Hicho hakuwahi kukisikia. Alimtazama juu mpaka chini.

"Dakika mbili," alisema. "Nafasi imebaki moja, na nje bado wako wanne."

Bingwa alishangaa kuwaona. Fundi hakukaa.

"Daktari, naomba uyafute hayo uliyoyaandika. Kile kifungo sikukishona kwa mikono. Sindano niliivuta kwa meno, ndiyo maana nilikupa mgongo. Na leo nimemeza vidonge viwili. Na nilipokwambia panauma kidogo, panauma sana."

Bingwa aliweka kalamu chini. Hakukasirika, alimtazama kwa namna nyingine, kama mtu aliyeambiwa asome tena ukurasa aliouruka.

"Sindano unayo?"

"Ninayo."

"Kaa hapa. Nielekee mimi. Shona tena, popote kwenye hilo koti, kwa vidole tu."

Fundi akaitoa ya uzi mweusi. Ikamponyoka. Akaitafuta mezani kwa ncha za vidole, zikawa zinaipapasa na kuisukuma tu, haziinui. Wifi akanyoosha mkono amsaidie.

"Mwache," bingwa alisema.

Akaipata. Akaibana. Akaichoma kwenye kitambaa, ikaingia nusu, akajaribu kuivuta upande wa pili. Jasho lilimtoka. Kichwa kilikuwa kinashuka chenyewe, meno yanataka kusaidia, naye anakirudisha juu. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu vidole vikafunguka vyenyewe, sindano ikabaki imesimama kwenye koti. Mshonaji wa miaka thelathini, mbele ya watu wawili, ameshindwa kupitisha sindano kwenye koti.

Bingwa alitoa fomu nyingine kwenye droo.

"Hii ndiyo ya kuanzishia dawa," alisema. "Kuna swali moja siwezi kukujibia. Wanauliza: mgonjwa anaweza kuifanya kazi yake? Ndiyo au hapana. Useme wewe, mimi niandike."

Ni swali dogo. Lakini Fundi alijua karatasi zinakopita. Hiyo ingepita dirisha la mafaili, mikononi mwa karani mwenye gauni lake, na kabla jua halijazama mtaa mzima ungejua. Wangekuja mmoja mmoja na sura za huruma, pole Fundi, pole sana, halafu wangeomba vitambaa vyao. Na zaidi ya wateja kulikuwa na yeye mwenyewe. Asiposhona, ni nani? Hata jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kadi ya hospitali tu.

"Hapana," alisema.

"Sijasikia, mama."

"Hapana, daktari." Sauti ilikatika, akaiokota. "Siwezi tena. Nimeshindwa."

Bingwa akaandika. Wifi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Kisha bingwa akamshika Fundi mikono mara ya pili, safari hii taratibu, kidole kwa kidole, akichukua muda ambao hakuwa nao.

"Nitakwambia ukweli na mimi," alisema. "Hiki na hiki vimeshakwenda. Dawa haitavirudisha. Hivi vinane vilivyobaki, tukiwahi, tunaweza kuviokoa. Unaanza Jumatatu."

"Vinane," Fundi alisema.

"Vinane."

Vile viwili vilikuwa gumba la kulia na kidole kinachofuata. Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Alishukuru, na safari hii alikuwa anashukuru kweli, akatoka akiwa ameyapata yote aliyoyajia.

Korido ilikuwa imebaki na wale wanne tu, sakafu mbichi. Nesi aliwaambia wapite ukutani wasiteleze. Wifi alipangusa macho kwa upindo wa nguo yake, akajikohoza, akanyoosha mkono kumshika mwenzake mkono kama alivyomshika siku zote, sokoni, barabarani, kwenye msiba. Mkono ukafika nusu ya njia, ukasita. Ukapanda, ukamshika kwenye kiwiko, polepole, kwa vidole vitatu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa.

Fundi aliuona. Kwa miaka saba, kwa maumivu yote yale, hakuwahi kujiona mgonjwa mpaka pale. Alitaka kuutoa ule mkono. Akauacha palepale, wakaanza kutembea, wakipitia ukutani.